Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyekasirika kuitwa "dude"

Mpwa wangu,

Mama yako kanipigia simu jana usiku, moto kweli. Eti Mmarekani unayekaa naye chumba kimoja anakuita "dude" asubuhi na jioni, na jina lako analijua vizuri tu. Halafu ukatuma picha ya ujumbe wake kwenye grupu la familia, bibi akausoma Kiswahili: "Mjukuu wangu kawa dude tangu lini?"

Hebu tulia. Linatamkwa "duud", na huyo kijana hajakutukana. Kakuita mshikaji.

Ila zamani lilikuwa kejeli kweli. Mwaka 1883 magazeti ya New York yalilitumia kuwacheka vijana wa kishua waliovaa suruali za kubana na kola ndefu, wakaiga hata lafudhi ya Waingereza. Masharobaro wa wakati ule! Barry Popik na Gerald Cohen, watafiti wa asili ya maneno waliofukua magazeti hayo, wanalihusisha na Doodle, yule mshamba anayejifanya maridadi kwenye wimbo wa zamani wa Kimarekani, "Yankee Doodle". Huko magharibi wafuga ng'ombe wakawabandika jina hilo watu wa mjini waliokuja ranchi kupunga upepo, na ranchi za kupokea wageni wa namna hiyo bado zinaitwa "dude ranch". Baadaye vijana weusi na wenye asili ya Meksiko wakaanza kuitana hivyo wao kwa wao, kisha wateleza mawimbi wa California wakalieneza.

Sasa matumizi, maana hapa ndipo watu wanapoumbuka. Sikiliza sauti. "Duuude" ya kuvutwa ni mshangao, kama umemwonyesha bao kali kwenye simu. Likija polepole mwanzoni mwa sentensi, jiandae, anataka kukwambia jambo zito na analilainisha. Likija fupi na kavu, umemuudhi. Pengine umemaliza maziwa yake kwenye friji.

Scott Kiesling, mwanaisimu wa Pittsburgh, aliandika makala nzima juu ya neno hili mwaka 2004. Anasema linabeba ukaribu, lakini ukaribu wa kutojipendekeza: mimi na wewe sawa, basi. Wasichana nao wanaitana hivyo. Ila kijana akimwita "dude" msichana anayemtaka, kajichongea mwenyewe.

Kwa hiyo mwenzako mwite tu. Profesa usithubutu, hata akija darasani na kaptula na kukuambia umwite kwa jina lake la kwanza. Wamarekani wana heshima zao, hawazitangazi tu kama sisi na shikamoo zetu. Polisi akikusimamisha barabarani, ni "sir" au "ma'am", mikono ionekane.

Na ukilisikia lile kavu, kanunue maziwa.

Wako,
Mjomba