Amesoma vizuri, lakini ameelewa?

Ndugu Mhariri,

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kusoma habari ya Kiingereza kwa sauti toka juu hadi chini, darasa likampigia makofi, kumbe hajaelewa hata sentensi mbili. Likija swali, anasaka kwenye habari maneno yaliyomo kwenye swali, akiyakuta ananakili sentensi nzima. Mara nyingi anapata vema, na sisi walimu na wazazi tunaridhika.

Chukua sentensi hii: "The bus had hardly left Chalinze when it broke down." Mtoto anajua "hard" ni ngumu, basi kwake gari lilitoka Chalinze kwa shida. Maana yake ni kwamba ndiyo kwanza lilikuwa limetoka Chalinze, likaharibika. Ukimuuliza "What happened to the bus?" atanakili "it broke down" na alama atapata. Muulize kama basi lilikuwa limefika mbali, na umwache ajibu kwa Kiswahili. Hapo unapima ufahamu; kuandika jibu kwa Kiingereza sanifu ni kazi nyingine, ina wakati wake.

Habari ya mazoezi iwe fupi, maneno 120 hadi 150. Apige mstari chini ya maneno asiyoyajua. Yakizidi matano katika maneno 100 ya mwanzo, tafuta nyepesi zaidi, hata ikitoka kwenye kitabu cha msingi. Kamusi ibaki imefungwa kwanza, maana anayeifungua kila neno huirudia sentensi akiwa ameshasahau ilivyoanza. Asome kimya mara mbili, afunike habari, kisha kila aya aiandikie sentensi moja ya Kiswahili. Aya iliyomshinda airudie, na maneno yaliyomkwamisha humo ndiyo ayatafute kwenye kamusi.

Viwakilishi vinawaangusha wengi kuliko msamiati. Kiswahili kinasema "alikuja" bila kutaja mume au mke, kwa hiyo mtoto wetu hupita juu ya "he" na "she" kana kwamba ni kitu kimoja. Achore mshale kutoka kila "she", "it" au "they" hadi kwenye jina linalowakilishwa. Katika sentensi ile, mshale wa "it" uende kwenye "bus", usiende "Chalinze". Azungushie duara pia "although", "unless" na "instead", kwa sababu anayeyaruka hutoka na maana iliyopinduka.

Kipindi ni dakika 40, na maswali kumi ubaoni huzimaliza zote kwa kunakili na kusahihisha. Matatu yanatosha, mradi kila jibu lifuatwe na "umejuaje?" na mwanafunzi aweke kidole kwenye mstari uliompa jibu. Swali hilo hata mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kuliuliza jioni, mtoto akimsimulia kwa Kiswahili alichosoma.

Mwalimu wa Kiingereza,
Morogoro