Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Waendesha Baiskeli

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaoisha. Taarifa ya fedha mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitasema tu kwamba ada bado zinalipwa kwa kukumbushana, na wanaokumbushwa ni walewale.

Mkutano uliopita uliitaka Kamati iandae kampeni ya kuwakumbusha madereva wajibu wao kwetu. Tulipokaa kuipanga, wajumbe ambao riziki yao ni usukani walituuliza: na wajibu wetu sisi utasemwa na nani? Swali hilo lilipangua ratiba yote. Mabango tukayaweka kando, tukaandaa siku ya kubadilishana viti. Nitaieleza kwa kirefu, maana mengine tuliyoyafanya mwaka huu yalitokana nayo.

Asubuhi lori liliegeshwa uwanjani, injini imezimwa. Baiskeli zikapangwa ubavuni mwake, upande wa abiria, kuanzia mlangoni hadi nyuma, na nyingine zikawekwa mbele ya bampa. Wanachama wakapanda kwa zamu kwenye kiti cha dereva. Kwenye vioo zilionekana baiskeli za nyuma. Zilizokuwa karibu na mlango, na zile za mbele ya bampa, hazikuwapo kabisa. Mwanachama mmoja aliteremka, akaenda kuishika baiskeli yake kwa mkono, akapanda tena kutazama. Bado haikuonekana.

Kisha lori likakata kona taratibu kando ya mstari wa koni za plastiki. Gurudumu la mbele lilipita mbali nazo. La nyuma, ambalo siku zote hukata kwa ndani zaidi, lilizilaza moja baada ya nyingine. Mkufunzi alikuwa na maelezo marefu ya kutoa, lakini hayakuhitajika tena. Ukifika kwenye taa za barabarani ukakuta lori limesimama, usijipenyeze ubavuni mwake, hata kama halijawasha indiketa. Baki nyuma. Kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, yeye naye hakuoni.

Mchana zamu ikawa ya madereva. Walikalia baiskeli zilizofungwa zisiende popote, na gari dogo likawapita kwa mwendo wa kawaida wa mitaani, kwanza kwa nafasi ya mita 1.5, halafu kwa nafasi pungufu. Mmoja wao, aliyetutania asubuhi nzima kwamba tunadeka, alijikuta amekamata breki za baiskeli ambayo haikuwa ikitembea. Aliposhuka aliuliza kama ndivyo tunavyopitwa kila siku. Tulimwambia kwamba kila siku tunapitwa karibu zaidi ya hapo.

Nafasi hiyo si ya kukisia. Ujerumani, tangu mwaka 2020, sheria inamtaka dereva aache angalau mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji anapompita mwendesha baiskeli. Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje ya mji. Sababu yake anaijua kila mtu aliyewahi kukwepa shimo ghafla, au kusukumwa na upepo wa gari kubwa. Pasipo na nafasi hiyo, dereva hana budi kusubiri nyuma, na mara nyingi kusubiri kwenyewe ni sekunde chache tu.

Kuna wanachama waliotaka taarifa hii iseme kwamba wajibu wa pande hizi mbili ni sawa. Siwezi kusema hivyo. Sheria zinatubana sote, lakini kosa la mwenye gari na kosa la mwenye baiskeli havina uzito mmoja. Mwaka 2022 Uingereza iliandika upya kanuni zake za barabarani na kuweka msingi kwamba mwenye chombo kinachoweza kuumiza zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kupunguza hatari. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitazama simu kwa sekunde tatu, amekwenda zaidi ya mita 40 bila macho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Ila msingi huohuo unatugeukia sisi tunapomkaribia mtu anayevuka kwa miguu. Pale wenye chuma ni sisi.

Sasa ya kwetu. Malalamiko ya madereva siku ile yalikuwa machache na yote yalikuwa ya kweli: tunapita taa nyekundu, tunaendesha usiku bila taa, tunakwenda kinyume cha magari. Hili la mwisho linatetewa na baadhi yetu kwa hoja kwamba ni heri kuliona gari linalokuja. Hoja hiyo ni mbovu. Dereva anayetoka barabara ya pembeni hutazama upande magari yanakotokea, na wewe unamjia kutoka upande mwingine. Taa nayo, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, kazi yake kubwa ni wewe kuonekana. Kabla ya kuhama njia geuza shingo utazame nyuma, kisha nyoosha mkono. Na acha nafasi ya mlango unapopita magari yaliyoegeshwa. Madereva tumewaomba wafungue mlango kwa mkono ulio mbali nao, kama Waholanzi, kwa sababu hapo bega hugeuka na macho hufuata nyuma.

Mjadala wa kofia ngumu ulituchukulia muda mwingi kuliko ulivyostahili. Vaeni. Inalinda kichwa mkianguka, gari hailizuii.

Kamati inaleta hoja mbili. Kwanza, siku ya kubadilishana viti irudiwe mwaka ujao, safari hii na madereva wa mabasi, ambao husimama kando kila baada ya muda mfupi na hugongana nasi zaidi kwa maneno. Pili, kiongozi wa safari ya pamoja apewe mamlaka ya kumrudisha nyumbani mwanachama asiye na taa, hata akiwa mjumbe wa Kamati. Hoja ya pili ilipita kwa tabu ndani ya Kamati yenyewe, hivyo naomba ipigiwe kura kabla mweka hazina hajaanza.

Nawasilisha.