Rashidi, kuhusu faida na vinu vya nyuklia

Mpendwa Rashidi,

Salamu nyingi, natumai hujambo na wote hapo hawajambo. Umeniuliza kama kampuni inayosaka faida inaweza kuaminiwa kuendesha kinu cha nyuklia. Jibu langu ni kwamba faida huchunga vizuri vitu vinavyoharibika kila mara, ila haina macho ya kuona balaa linalokuja mara moja kwa karne kadhaa.

Pampu ikigoma, kinu kinasimama na mapato yanakatika siku hiyohiyo. Hapo mwenye hisa na anayeogopa mionzi wanataka jambo moja. Ndiyo maana vinu vya Marekani, vingi vikiwa vya kampuni, huzalisha karibu asilimia 90 ya uwezo wake kwa mwaka, au hata zaidi. Ugumu uko kwenye ukuta wa kuzuia mawimbi ya bahari ambao pengine hautahitajika mpaka mkurugenzi astaafu.

Tazama kinu cha Davis-Besse, kule Ohio, Marekani. Maji ya kupozea vinu vya aina ile huchanganywa na asidi ya boriki. Juu ya kifuniko cha mtungi wa kinu kuna mirija ya kupitishia fimbo za kudhibiti. Mrija ukipata ufa, maji huvuja na kukauka, na asidi iliyobaki hula chuma taratibu. Mwaka 2001 NRC, mdhibiti wa nyuklia wa Marekani, alitaka vinu vilivyo hatarini vikaguliwe kabla ya mwaka kwisha. Kampuni ikavutana naye mpaka ikaruhusiwa kuendelea hadi Februari 2002. Kifuniko kilipokaguliwa, chuma chenye unene wa zaidi ya sentimita 15 kilikuwa kimeliwa chote sehemu moja. Kilichozuia maji yenye shinikizo la takriban mara 150 ya lile la hewa ni bitana tu ya chuma kisichoshika kutu, isiyofika sentimita moja, ambayo haikuwekwa kwa kazi hiyo. Dalili zilikuwapo muda mrefu: vichujio vya vipimo vya mionzi viliziba kwa vumbi la rangi ya kutu, na watu wakawa wanavibadilisha tu. Kutafuta vumbi linatoka wapi kungemaanisha kuzima kinu.

Sasa Fukushima, kituo cha Japani ambako vinu viliyeyuka baada ya tetemeko na wimbi la tsunami. Kinu kikizimwa, fimbo za nishati haziachi kutoa joto. Sekunde zile za mwanzo joto hilo ni kama asilimia 6 ya nguvu yake, na kwa kinu cha megawati 3000 za joto hiyo ni karibu megawati 200. Kesho yake bado ni megawati kumi na kitu. Lazima maji yazunguke, na pampu zinataka umeme. TEPCO, kampuni ya watu binafsi iliyokiendesha kituo hicho, ilikuwa imejiandaa kwa wimbi la mita 5.7. Mwaka 2008 hesabu zake zenyewe zilionyesha kwamba maji yangeweza kufika mita 15.7, lakini ukuta haukuinuliwa. Machi 11, 2011 bahari ikaingia. Jenereta nyingi za dizeli na makabati ya umeme yalikuwa chini kabisa ya majengo, yakazama. Katika kinu namba 6 jenereta moja iliyopozwa kwa hewa, iliyowekwa juu zaidi, iliendelea kufanya kazi. Hiyo moja ndiyo iliyookoa namba 5 na 6.

Lakini usikimbilie kulaumu faida peke yake. Kituo cha Onagawa, pia Japani, cha Tohoku Electric, nayo kampuni binafsi, kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko. Kilijengwa karibu mita 15 juu ya usawa wa bahari, wimbi likafika kama mita 13, na kikazimwa salama. Chernobyl, kituo cha Kisovieti ambako kinu kililipuka mwaka 1986, kilikuwa cha serikali na hakikuwa na mwanahisa hata mmoja.

Mimi humtazama zaidi mdhibiti. Japani, aliyepaswa kuikagua TEPCO alikaa ndani ya wizara ileile iliyokuwa ikiipigia debe nyuklia. Alivunjwa mwaka 2012. Marekani, NRC huweka wakaguzi wanaoshinda kinuni kila siku, na kwa kawaida hawakai kituo kimoja zaidi ya miaka saba wasije wakazoeana na wenyeji. Hata hivyo Davis-Besse ilipita mbele ya macho yao, kwa hiyo kuwapo hakutoshi. Lazima mdhibiti awe tayari kusema “zima leo” hata kampuni ikilia hasara.

Kisha kuna bima. Japani, kampuni ilitakiwa kuwa na akiba au bima ya yeni bilioni 120 tu kwa kila kituo. Hasara ya Fukushima ilipita hapo mbali, na mwaka 2012 serikali ikaingiza fedha zake ikaishika TEPCO. Wakikuletea makaratasi ya kampuni yenu, anzia hapo: hasara ikivuka kiwango cha bima, analipa nani? Halafu omba mchoro wa jengo uone jenereta za dharura ziko ghorofa gani na zinapozwa kwa hewa au kwa maji. Wakisema mchoro huo ni siri ya biashara, usitie sahihi.

Nisalimie wote.

Wako,
Hamisi