Pikapu kubwa za Kimarekani: usiulize jina, uliza injini na mwaka

Mhariri, naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mtu akitaka pikapu kubwa ya Kimarekani isiyosumbua basi achukue Tundra, pikapu kubwa ya Toyota, afumbe macho, maana Toyota ni Toyota. Mimi naishi Houston, Texas, huku pikapu ndo gari ya kazini, ya kanisani, ya kupeleka watoto shule, na mkate wangu ni kuvuta trela kwa hiyo gari hizi nazijua kupitia mfuko wangu. Hilo la kufumba macho hapana aisee.

Kwanza nimpe haki yake. Tundra ya zamani, ile ya V8, yaani injini ya silinda 8, ya lita 5.7 iliyoanza 2007 ikaenda mpaka 2021, ni injini ya kuaminika kweli. Kuna dereva mmoja wa Louisiana aliyekuwa na ya 2007 akaifikisha maili milioni moja, Toyota wenyewe wakaichukua wakaichunguze na yeye wakampa mpya. Inakula mafuta ndio, lita moja inakupeleka kilomita 6 na ushee basi, lakini mafundi wa huku wanaiheshimu. Tatizo watu wanachukua sifa ya gari hiyo wanaibandika kwenye ya 2022 ambayo ni gari nyingine kabisa, V8 imetolewa imewekwa V6, ya silinda 6, ya lita 3.4 yenye turbo mbili za kusukuma hewa kwenye injini. Na mwezi wa 5 mwaka 2024 Toyota wakatangaza mwito, yaani kuziita zirudi zirekebishwe, Tundra za 2022 na 2023 pamoja na Lexus LX, gari yao ya kifahari, jumla kama 102,000 hapa Marekani, kwa sababu chenga za chuma zilizobaki wakati wa kutengeneza injini zilikuwa hazijasafishwa vizuri kiwandani. Chenga hizo zikifika kwenye beringi kubwa za krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, injini inaanza kunoki, yaani kugonga ndani, au inatetemeka, au inazima kabisa ukiwa katikati ya barabara kuu na malori yako nyuma yako. Baadae wakasema watabadilisha injini nzima, siyo kukarabati. Mwezi wa 11 mwaka 2025 wakaita nyingine kama 127,000, safari hii mpaka za 2024 zikaingia. Halafu cha kushangaza, kwenye ule mwito wa kwanza zile Tundra za haibridi, zinazotumia petroli na umeme, hazikuwemo japo injini ni ileile, maelezo yao yakawa kwamba injini ikizima bado ile mota ya umeme inaweza kuisogeza gari pembeni. Sasa mnunuzi hilo linamsaidia nini? Injini ikifa imekufa.

Najua hapo washabiki wa Chevrolet wameshaanza kucheka. Wasicheke. Mwezi wa 4 mwaka 2025 General Motors, wenye Chevrolet, waliita karibu magari 600,000 hapa Marekani yenye V8 ya lita 6.2, Silverado, Sierra, Tahoe, mpaka Escalade za mabosi, za mwaka 2021 mpaka 2024, kisa konrodi, zile fito zinazounga pistoni na krenki, na krenki zenyewe zilikuwa na kasoro za kiwandani. Zinapelekwa kupimwa, ikionekana mbovu inabadilishwa injini, ikionekana nzima wanakumwagia oili nzito zaidi, kutoka 0W-20 kwenda 0W-40, na kifuniko kipya cha kujazia oili. Mi nisiyekuwa injinia najiuliza tu, kama dawa ni oili nzito, ile nyepesi ilikuwa inamsaidia nani? Na kuna hili la tapeti, vile vipande vinavyosukumwa na kemishafti kufungua vali, V8 zao zina mfumo wa kuzima baadhi ya silinda ukiwa unatembea taratibu ili kubana mafuta, sasa tapeti za huo mfumo zikigoma zinakula na kemishafti, unaanza kusikia tik tik tik asubuhi ukiwasha na bili yake ni maelfu ya dola. Ukienda kuangalia gari ya namna hiyo mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, uikute imepoa, maana baadhi zikishapata moto kelele inapungua.

Ford F-150 nayo wabongo wengi huku wanaanzia hapo kwa sababu za mitumba ni nyingi na spea zipo kila kona. Sawa, ila za 2014 Ford waliziita kama 550,000 mwezi wa 6 mwaka 2024, giaboksi ya gia 6 inaweza kushuka yenyewe mpaka gia ya kwanza ukiwa kwenye spidi, matairi ya nyuma yanaweza kukwama. Gari ya zaidi ya miaka 10 hiyo, imeshapita mikono mitatu minne, wenye nayo wengi hata ile barua ya mwito hawakuiona kwa sababu imetumwa kwa anwani ya zamani. Pikapu za Ram sina mengi, V8 yao iitwayo Hemi ya lita 5.7 ina ugonjwa wa boliti za manifodi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi wa injini, kukatika, waliitoa kwenye Ram 1500 ya 2025 watu wakapiga kelele, 2026 wameirudisha.

Sasa utasema mbona zote mbovu, nisinunue? Nunua tu bana, ila acha kuuliza Toyota au Ford, uliza injini gani, mwaka gani, na karatasi za sevisi ziko wapi. Namba ya chesisi ina tarakimu na herufi 17, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, ile mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, bure kabisa, itakwambia kama gari ina mwito ambao haujafanyiwa kazi. Kuna muuzaji mmoja huku nilimuomba hiyo namba kwa simu akaniambia njoo kwanza uione gari, nikakata simu. Na ndugu zetu wa Minnesota na Ohio ambako wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, ingieni chini ya gari na tochi na nyundo ndogo mgonge chesisi, kwa sababu hata hizo Tundra za 2007 na 2008 ziko kwenye ile kesi ya kutu ambayo Toyota walikubali kuimaliza 2016, injini nzuri imekaa juu ya chesisi iliyooza.

Mwisho kwa yule msomaji aliyetaka kutumiwa moja Mombasa. Kaka, hizi zinatoka kiwandani usukani kushoto, Australia wanazigeuza usukani uwe kulia kwa gharama kubwa, na Kenya hairuhusu kusajili za kushoto isipokuwa za kazi maalumu kama ambulensi, tena isizidi miaka 8. Na ukishasema miaka 8, ile V8 niliyoisifia zinabaki za miaka yake ya mwisho tu, zingine ni hizi mpya za turbo, urefu karibu mita 6, ukiiua injini spea unaagiza huku kwetu. Bora utafute Hailaksi.

Na kwako mhariri, ombi. Matangazo ya magari kwenye gazeti lenu yanaandikwa "Toyota, safi sana, haijaguswa". Waambieni wenye matangazo waandike mwaka na saizi ya injini, nafasi ya mstari mmoja tu.

Mvuta trela,
Houston, Texas