Kijana anayekwenda Kandersteg afundishwe sherehe pia, si visa tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwa niaba ya wenzangu tunaoandaa vijana wa skauti kwenda kujitolea katika vituo vya kimataifa vya vijana, hasa kile cha Kandersteg, Uswisi, kilichoanza mwaka 1923 katika nyumba waliyokuwa wakilala wajenzi wa handaki la reli la Lötschberg.

Maandalizi yetu huishia kwenye visa na koti la baridi. Visa ni muhimu, hatukatai. Ya muda mfupi haizidi siku 90 ndani ya siku 180, bima ya matibabu isipungue yuro 30,000, na maombi yapelekwe angalau siku 15 kabla ya safari, ingawa miezi miwili ndiyo salama. Barua ya mwaliko itaje kazi, saa, malazi na posho, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoamua aina ya visa na kama kibali cha kazi kinahitajika. Asiende kijana yeyote kufanya kazi kwa visa ya utalii.

Lakini akishafika, mbali na usafi, jikoni na mapokezi, ipo jioni atakayoambiwa awaonyeshe wenzake kwao wanasherehekeaje. Wengi hukwama hapo. Wanapeperusha bendera, wanacheza muziki wa simu, basi. Jambo hili linatuuma, maana kuishi na kusherehekea pamoja ndiyo sababu ya vituo hivyo kuwepo.

Siku inayofaa kuombewa ukumbi wa sherehe hiyo ni 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Inaangukia katikati ya msimu wa wageni, na Mtanzania, Mkenya, Mkongo na Mganda wanaweza kuiandaa kwa pamoja badala ya kila mmoja kuhangaika peke yake. Wasiisogeze karibu na 1 Agosti. Hiyo ni sikukuu ya Waswisi wenyewe, ya mioto ya milimani na taa za karatasi. Aliyeko huko majira ya baridi anayo 22 Februari, siku aliyozaliwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Aeleze kuwa kaburi lake liko Nyeri, Kenya.

Chakula ndicho kinachoharibika zaidi. Kwa watu 40 pilau inataka mchele kilo 5, vitunguu kilo 2, mafuta nusu lita, chumvi gramu 80, binzari nyembamba gramu 60, pilipili manga na hiliki gramu 15 kila moja, mdalasini gramu 20 na karafuu gramu 5. Viungo vikavu vibebwe kutoka nyumbani. Nyama, samli na maziwa visiguswe, forodha haviruhusu. Wali upikwe bila nyama, nyama iwe kando, kwa sababu mezani watakuwepo wasiokula nyama na wanaotaka ya halali tu. Tunajua pilau bila supu ya nyama hupungua utamu. Dawa yake ni kukaanga vitunguu taratibu mpaka viwe kahawia iliyokolea, na hapo ndipo jiko la umeme linapowaponza wengi: ukilizima, sahani yake bado ina moto, vitunguu vinaendelea kuungua. Ondoa sufuria kabisa.

Kilo 5 zisipikwe kwenye sufuria moja. Chini zitashika, juu zitabaki mbichi. Gawa mchele uliolowekwa na kuchujwa katika trei nne za kina kirefu, mimina maji ya moto yaliyokwisha kuungwa, jumla lita 7 na nusu, funika kwa karatasi ya alumini bila kuacha upenyo, oka nyuzi 180 kwa dakika 30. Usizidishe maji kwa kipimo cha nyumbani. Chombo kilichofunikwa vizuri hakipotezi mvuke, na wali utakuwa bokoboko. Anayetoka Dar es Salaam akumbuke pia kuwa Kandersteg iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maharage yatachelewa kuiva. Wa Nairobi hatapata shida hiyo, kwao ni juu zaidi. Wali uliobaki usilale jikoni: utandazwe kwenye trei upoe haraka, kisha uingie kwenye friji, kwani vijidudu vya wali uliokaa na uvuguvugu huumiza tumbo hata ukipashwa tena.

Ngoma iwe ya hatua tatu ambazo mgeni anazishika kwa dakika 5, na ianze mapema, kwa sababu saa nne usiku ni muda wa utulivu. Bendera ya Tanzania hutundikwa kichwa chini mara nyingi: kijani huwa juu, upande wa mlingoti, na buluu chini.

Tunaviomba vyama vinavyotuma vijana viongeze siku moja ya mazoezi, mwezi mmoja kabla ya safari. Kijana apike kwa watu 40, kwa oveni, na aongoze ngoma mbele ya watu wasioijua.

Wakufunzi wa skauti,
Arusha