Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa Mkoa wa Mbeya: ligi ya kikapu ya wanawake ianze Juni

Ndugu Afisa Michezo,

Ligi ya wanawake ikianza Desemba haifiki mwisho. Mvua za kwetu hushika Novemba au Desemba na kuachia Aprili, pengine Mei, na viwanja vyetu vya kikapu ni saruji isiyo na paa. Saruji ikilowa, mchezaji anayetua huku akigeuka raba inateleza na goti linapinda. Katika mchezo huu wanawake huchanika kano ya mbele ya goti zaidi ya wanaume, na aliyechanika hukaa nje miezi tisa au zaidi.

Tunaomba Juni hadi Agosti. Tuseme timu ni sita, zikutane mara mbili: mechi 30. Mkipanga mechi moja kwa wiki, timu ya Njombe itapanda basi kupitia Makambako kwa ajili ya dakika 40, kisha irudi. Hapo ndipo nauli huisha katikati ya ligi na pointi za mezani huanza kugawiwa. Bora wote wakutane kituo kimoja, kila timu icheze Jumamosi na Jumapili. Mechi tatu kwa siku, wikiendi tano, imekwisha. Ya kwanza isianze kabla ya saa nne asubuhi. Baridi ya Uyole ya Julai mnaijua, na umande hauchelewi kugeuza mistari iliyopakwa rangi ya mafuta kuwa utelezi. Rangi hiyo ichanganywe na mchanga laini. Tarehe za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, zipishwe, maana wachezaji wengi wako sekondari.

Mipira iwe namba 6: mzingo sentimita 71.5 hadi 73, gramu 510 hadi 550. Stoo nyingi zina namba 7, yenye gramu 580 na kuendelea. Msichana aliyeizoea hurusha kwa nguvu ya bega, kiwiko kimetoka nje. Siku akishika namba 6 kwenye mashindano makubwa, mitupo inapitiliza ringi. Na kama kiwanja bado kina mstari wa pointi tatu wa mita 6.25, ufutwe. Tangu 2010 ni 6.75.

Kule Marekani kila timu ya WNBA, ligi yao ya kikapu ya wanawake, ilicheza mechi 44 msimu wa 2025, na ratiba ilitoka miezi kadhaa kabla. Sisi tunaomba kumi tu kwa kila timu, ratiba ibandikwe kabla Machi haijaisha.

Wenu,
Makocha na waamuzi wa kikapu cha wanawake, Mbeya