Yaya naye apumzike

Mhariri,

Yaya tunamkabidhi mtoto mchanga, funguo za nyumba na hata siri za ndani, lakini kumwandikia mkataba tunaona uzito. Siku ya kwanza anaambiwa kazi ni kulea tu. Wiki mbili baadaye anafua, anapika, anapiga deki, na mtoto akilia usiku ni yeye anayeamka. Mshahara uleule.

Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Wengi wetu, nami nimo, tulidhani mtoto akisinzia ndiyo mapumziko yenyewe. Kisha yaya akiondoka ghafla, tunasema mayaya wa siku hizi hawana shukrani!

Mzazi mwajiri